Jiwe Lililosimama na Jiwe Lililosimikwa

Msafiri anayetoka Dodoma kwenda Singida huwa ameshaipita Manyoni na kuikaribia Ikungi kabla hajaanza kuyaona vizuri. Kwanza ni moja moja, mbali na barabara, katikati ya mashamba ya alizeti. Kisha yanaongezeka, na ukifika mjini yako kila mahali: nyuma ya nyumba, kando ya njia, ukingoni mwa Ziwa Singidani na Ziwa Kindai. Ni majabali ya kijivu, mengine makubwa kuliko nyumba. Yako yaliyopandana mawili matatu, la juu likiwa limelikalia la chini kwa sehemu ndogo tu, na yako yaliyosimama peke yake kama mtu anayemsubiri mwenzake. Mtoto akiyaona kwa mara ya kwanza huuliza nani aliyapanga. Ni swali zuri, na mtu mzima hapaswi kulijibu kwa haraka.

Yapo mawe duniani ambayo jibu lake ni kwamba watu ndio waliyapanga. Uingereza kuna Stonehenge. Ethiopia kuna Tiya, kusini mwa Addis Ababa, mahali penye mawe 36 yaliyo wima, mengi yakiwa yamechongwa alama za panga na alama nyingine, napo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1980. Kenya kuna nguzo za mawe za Turkana, ambazo tutazirudia. Kwa hiyo mtu anayetembea kwa miguu kwenda kulitazama jiwe la peke yake huko Iramba, Mkalama au Ikungi ana haki ya kujiuliza kama na yeye yuko mbele ya kazi ya watu wa kale. Hapa tutaeleza namna ya kulitafuta jibu, na kisha kwa nini jibu lenyewe, hata likiwa sahihi, linaacha jambo kubwa bila kuguswa.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kimekwisha kutufanyia sehemu ya kazi. Kusimama ni hali. Mti umesimama, ng'ombe amesimama, jiwe limesimama. Kitenzi hicho hakisemi lolote juu ya aliyesababisha. Kusimamisha kunamleta mtendaji, ila hakutuambii alifanyaje. Kusimika ni jambo mahsusi zaidi: ni kuchimba shimo, kutia mguu wa kitu ndani yake na kukishindilia ili kidumu wima. Nguzo ya nyumba husimikwa, mlingoti husimikwa, na mtemi naye husimikwa, kwa sababu amewekwa mahali pake kwa makusudi na mbele ya watu. Basi katika maelezo yanayofuata, jiwe lililosimama ni jiwe lolote lililo wima, na jiwe lililosimikwa ni lile tu ambalo mkono wa mtu ulilitia mahali pake. Makosa mengi katika kuyasoma mawe hutokana na kuruka kutoka neno la kwanza hadi la pili bila kupita katikati.

Katikati hapo pana jiolojia. Mwamba wa Singida kwa sehemu kubwa ni itale, ambayo wengi huijua pia kwa jina la graniti. Ni kipande cha mwamba mkongwe sana unaoibeba sehemu ya kati na ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Itale ilianza kama uji wa moto uliokwama chini ya ardhi, ukapoa polepole. Kwa kuwa ulipoa polepole, madini yake yalipata muda wa kukua hadi yakaonekana kwa macho. Okota kipande kilichovunjika karibuni ukigeuze juani: utaona chembe za kwatzi zinazong'aa kama kioo, vipande vya felispa vyeupe au vya waridi, na vigamba vyeusi vya ulanga. Madini hayo matatu hayana uimara sawa, na kisa cha majabali kinaanzia hapo.

Mwamba ukipoa husinyaa, na ukisinyaa hupasuka. Baadaye miamba iliyokuwa juu yake ilipoliwa na mmomonyoko, uzito ulipungua, itale ikatanuka kidogo na kupasuka tena. Nyufa hizo hukatana, nyingine wima na nyingine za kulala, hata mwamba uliozikwa ukafanana na ukuta wa matofali yaliyobanana bila saruji. Pale nyufa zilipokaribiana matofali ni madogo. Pale zilipoachana, tofali moja linaweza kulingana na darasa. Umbo la jabali unaloliona leo liliamuliwa kwa sehemu kubwa na nyufa hizo, kabla jua halijaligusa hata mara moja.

Halafu yanakuja maji. Mvua ikizama ardhini huchukua kabonidayoksaidi iliyomo katika udongo na kwenye mizizi, na maji yakawa na ukali kidogo wa asidi. Yanapenya kwenye nyufa na kuishika felispa, ambayo kwa muda mrefu sana hugeuka kuwa udongo laini mweupe. Kwatzi haigeuki, inabaki mchanga. Hivyo mwamba unaoza ukiwa bado umezikwa, na inafaa kutofautisha kuoza huku na mmomonyoko: kuoza ni mwamba kulegea palepale ulipo, mmomonyoko ni kile kilicholegea kuchukuliwa. Sasa litazame tofali moja. Uso wake unashambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo wake kutoka pande mbili, na pembe yake kutoka pande tatu kwa pamoja. Ndiyo maana pembe huisha kwanza. Kilichokuwa na kona kali kinaanza kuviringika, kama kipande cha sabuni kilichokwisha tumika siku kadhaa, na kukizunguka panajaa mchanga na udongo.

Hatua ya mwisho ni kufunuliwa. Nchi ikiinuka, au mimea ikipungua na mvua zikaja kwa nguvu, maji ya juu huanza kuuchukua udongo uliolegea kwa kasi inayozidi ile ya kuoza. Viini vigumu havibebeki. Vinabaki, na kadiri kilichokuwa kati yao kinavyotoka, vinashuka na kukaliana. Jabali la juu halikupandishwa juu ya la chini. Lilikuwa juu yake tangu mwanzo, kwenye ukuta uliozikwa, na kilichotoweka ni kila kitu kilichokuwa pembeni mwao. Anayeitazama safu ya mawe ya Singida huona mawe yamepanda. Kilichotokea ni kwamba ardhi imeshuka.

Jambo moja zaidi la jiolojia, kwa sababu litatusaidia mbele. Jabali lililozikwa nusu hunyonya unyevu kwenye mstari wa udongo, na mguu wake huoza haraka kuliko kifua chake. Udongo ukishaondoka, mguu ulioliwa unaonekana kama ukuta uliobonyea kwa ndani, na juu yake kifua cha jiwe kinatokeza kama upenu. Pana kivuli mchana na pakavu wakati wa masika. Mapango mengi ya katikati ya Tanzania, yale yanayoitwa mapango ingawa hayana kina, yanafuata namna hiyo ya kuliwa na kubanduka.

Sasa tuseme umefika. Umeshuka kwenye bodaboda, umepita kwanza kwenye kaya iliyo karibu, umemwamkia mwenye mji, maana Wanyaturu, wenyeji wa hapa, hujenga kaya zao mbalimbali, na jiwe ambalo kwa mgeni liko porini kwa mwenyeji liko nyuma ya shamba la fulani. Amekuruhusu. Uko mbele ya jiwe lenye kimo kinachomzidi mtu mara mbili, limesimama wima, peke yake.

Anza na mguu wake. Zunguka ukiangalia kama jiwe linaendelea chini na kuungana na mwamba mama. Likiungana, swali limeisha: halikusimikwa. Likiwa limetengana, usichimbe. Kuchimba ni kazi ya mwanaakiolojia mwenye kibali, na sababu yake si urasimu. Jiwe lililosimikwa lina shimo la msingi, na shimo hilo linatambulika kwa udongo wake uliochanganyika, tofauti na udongo wa pembeni uliolala kwa tabaka, pamoja na mawe madogo yaliyoshindiliwa kuzunguka mguu ili jiwe lisiyumbe. Huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote, na jembe la mtu mwenye shauku huufuta kwa dakika kumi.

Kisha linganisha jiwe na majirani zake. Itale iliyosimama kati ya itale nyingine, yenye chembe za ukubwa uleule na nyufa zilizoelekea upande uleule, haijasafiri. Jiwe la aina nyingine katikati ya itale linahitaji maelezo: limebebwa na nini? Hapo maji na mteremko viulizwe kabla ya watu.

Tazama na alama. Itale hupata mifereji pale maji ya mvua yanapoteremka, na mabakuli pale yanapotuama. Mabakuli hayo ni ya ukubwa tofauti na hukaa mahali palipo chini. Vishimo vya bao ni jambo jingine kabisa: vimepangwa kwa safu, vinalingana, na viko mahali ambapo watu wawili wanaweza kukaa wakitazamana. Bao lililochongwa juu ya mwamba linajulikana Afrika Mashariki, kwa mfano Hyrax Hill, karibu na Nakuru. Hali kadhalika kuna mawe yaliyogongwa ili yalie. Gamba la jiwe lililobanduka kidogo hutoa sauti kama chuma likipigwa, na kwenye majabali ya Moru, ndani ya Serengeti, liko jiwe la namna hiyo lenye vishimo vingi vilivyotokana na kugongwa. Jiwe la Moru halikusimikwa na mtu. Lakini lilitumiwa na watu, na alama zipo.

Mtihani wa mwisho ndio unaowashawishi watu zaidi na kuwapoteza zaidi: mpangilio. Mawe yakiwa katika mstari au duara, au yakionekana kuelekea mahali jua linapochomoza, akili hukimbilia kusema kwamba hiyo haiwezi kuwa bahati. Kisa cha Namoratunga kinafundisha subira. Karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna nguzo 19 za mwamba wa basalti. Wenyeji wanazo simulizi za watu waliogeuzwa mawe, na jina lenyewe linafasiriwa kuwa watu wa mawe. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, walitangaza kwamba nguzo hizo zilielekezwa kwenye nyota fulani zinazotumiwa na Waboran katika kalenda yao, na wakazipa umri wa takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, umri ulioazimwa kutoka makaburi ya mahali pengine, Lokori. Mwaka 1982 Robert Soper alipima upya. Aligundua kwamba baadhi ya nguzo zina usumaku, na dira ikiwekwa karibu na jiwe lenye usumaku inapotoka. Mwaka 1986 watafiti wengine walipima tena na kuona kwamba dai la nyota bado lina mashiko. Uchunguzi wa miaka ya karibuni, kwa upande wake, ulisogeza umri wa nguzo za eneo la Turkana nyuma kabisa, hadi kuelekea miaka 5,000 iliyopita.

Funzo moja linatoka katika kisa hicho na linahusu Singida moja kwa moja. Jabali lililopigwa na radi linaweza kupata usumaku, na majabali yaliyo wazi kwenye uwanda wa juu hupigwa na radi. Anayepima mwelekeo wa jiwe asiiegemeze dira kwenye jiwe. Arudi nyuma hatua nyingi, apime kutoka sehemu zaidi ya moja, na alinganishe na jua au na mitambo ya setilaiti.

Tukubali basi kwamba jiwe fulani limethibitika kusimikwa. Lina umri gani? Hapa neno umri lina maana mbili zinazochanganywa kila siku. Kuna umri wa mwamba, ambao kwa itale ya Singida ni mabilioni ya miaka, nao hausemi lolote juu ya watu. Na kuna umri wa kusimama. Kwa jiwe lililosimikwa, umri wa kusimama hutafutwa katika shimo la msingi, si katika jiwe. Kipande cha mkaa kilichoangukia humo wakati wa kushindilia kilitokana na mti uliokuwa hai, na kaboni-14 iliyomo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Kwa kupima iliyobaki tunapata wakati mti ulipokufa. Njia hiyo huishiwa nguvu karibu na miaka 50,000. Mchanga nao una namna yake ya kuhesabu, kwa kuwa chembe za kwatzi hukusanya nishati kidogo kidogo tangu zilipoacha kuona mwanga. Hata jiwe ambalo hakuna aliyelisimika lina umri wa kusimama: miale inayotoka angani huzalisha chembe za nadra katika kwatzi iliyo wazi, na wingi wake unaonyesha uso wa jabali umefunuliwa kwa muda gani.

Faida ya subira hii yote ilionekana Lothagam, ng'ambo hiyo hiyo ya magharibi ya Turkana. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Elisabeth Hildebrand ilichapisha matokeo ya uchimbaji wake. Chini ya jukwaa la mawe lenye nguzo palikuwa na makaburi ya watu wasiopungua 580, waliozikwa kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita: wanaume, wanawake, watoto na vichanga, wote na mapambo yao, bila dalili ya bwana na mtumwa. Walikuwa wafugaji, na ziwa lilikuwa likipungua. Watu waliokuwa wakihamahama walikubaliana kuwa na mahali pamoja pa kurudisha wafu wao. Nguzo ni sehemu inayoonekana ya makubaliano hayo.

Wafugaji wa asili hiyo waliendelea kusini. Luxmanda, katika Mkoa wa Manyara, kaskazini-mashariki mwa Singida, ni makazi ya wafugaji ya miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Kwa hiyo utamaduni wa ufugaji ulifika mlangoni mwa Singida mapema. Luxmanda, hata hivyo, inajulikana kwa vyungu vyake, zana zake za mawe na mifupa ya mifugo. Kilichokuwa Turkana jambo la jiwe huenda kusini kilifanywa kwa vitu vingine.

Nasema hivyo kwa sababu tunao mfano ulio hai. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga wanaoishi Hanang na pia katika Mkoa wa Singida, humjengea mzee aliyestahili heshima kaburi la kichuguu liitwalo bung'eda. Haliinuliwi siku moja. Hujengwa kwa udongo na samadi kwa awamu, kwa miezi kadhaa, koo zikishiriki, hadi kimo chake kinamzidi mtu, na siku ya kulikamilisha hukusanya umati mkubwa. Hiyo ni kazi ya kusimika kwa kila maana ya neno: pana makusudi, pana mikono mingi, pana mashahidi. Baada ya hapo mvua zinaanza kulishusha, na miaka ikipita mgeni anaweza kulipita bila kulitambua. Mashamba makubwa ya ngano yalipoanzishwa Hanang katika miaka ya 1970, makaburi ya namna hiyo yalilimwa juu yake na matrekta.

Weka vitu hivi viwili kando kwa kando. Majabali yanayosimama kwa muda usiohesabika hayakusimikwa na mtu. Kile kilichosimikwa kwa uangalifu mkubwa kabisa kinayeyuka katika kipindi cha maisha ya mjukuu. Anayekwenda Singida akitafuta jiwe lililosimikwa, na asipoliona akasema mahali hapa hapakuwa na kumbukumbu, ameusoma ukosefu wa jiwe kama ukosefu wa watu.

Na watu walikuwapo. Turudi kwenye ule upenu uliofanywa na mguu wa jabali kuoza. Mtafiti Ludwig Kohl-Larsen alipozunguka nchi ya Isanzu na Ziwa Eyasi katika miaka ya 1930 alirekodi michoro mingi chini ya penu kama hizo. Knut Odner alifanya uchunguzi wa akiolojia Iramba na kuuchapisha mwaka 1971. Fidelis Masao, Mtanzania, alichimba Kwa Mwango na Kirumi Isumbirira, na kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya michoro ya miambani na zana za mawe za katikati ya Tanzania bado ni cha lazima kwa anayeitafiti nchi hii. Katika ukanda huu wote, unaojumuisha michoro maarufu ya Kondoa iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, michoro ya kale hutumia hasa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma na huonyesha wanyama na watu. Ile myeupe kwa kawaida huja baadaye, na huhusishwa na wakulima.

Zingatia jina Kirumi. Kwa mwanaakiolojia ni upenu wenye tabaka za zana za mawe. Kwa Wanyisanzu, wenyeji wa nchi hiyo ya Isanzu, Kirumi ni makao ya utemi na ya matambiko ya mvua, ambayo mwanaanthropolojia Todd Sanders ameyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2008. Wawindaji, wakulima, watemi na waomba mvua walirudi kwenye mawe yaleyale kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti. Hakuna aliyeyasimika. Kila mmoja aliyakuta yamesimama, akayafanya yake.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inajengwa juu ya masharti mawili: mkono wa mtu na mwaka 1863. Jengo, kaburi au handaki lililofanywa na watu kabla ya mwaka huo linalindwa. Kitu cha asili nacho kinalindwa, ila kiwe kimechorwa, kimechanjwa, kimebadilishwa au kimesimikwa na watu kabla ya mwaka huo. Mtunga sheria, kwa namna yake, ametofautisha kusimama na kusimikwa kama tulivyofanya sisi. Matokeo yake yaonekane wazi. Jabali lenye mchoro mmoja mwekundu liko ndani ya sheria. Jirani yake asiye na mchoro, ambaye chini yake matambiko yamefanywa vizazi na vizazi bila kuacha alama, yuko nje, mpaka atangazwe rasmi. Bung'eda la mwaka 1900 nalo linaanguka upande wa pili wa mwaka 1863.

Nje ya sheria hiyo kuna nyundo. Kupasua kokoto ni riziki ya familia nyingi za Singida, na wanawake wengi wamesomesha watoto kwa kazi hiyo. Wanalijua jiwe. Huwasha moto juu ya jabali, tabaka la nje hupata joto na kutanuka wakati la ndani bado baridi, na jiwe hubabuka kwa gamba; halafu nyundo hufuata mshipa. Ni kile kile ambacho jua na usiku vimefanya kwa maelfu ya miaka, kimeharakishwa kwa kuni. Mji unaokua unahitaji kokoto, na jabali lililopasuliwa halirudi: itale mpya haitaoza na kufunuliwa kwa wakati wa binadamu.

Sasa naweza kusema ninavyoona. Swali la nani alilisimika tumelipa nafasi kubwa mno, katika sheria na katika fikra zetu. Tumeiga macho ya nchi ambako mawe makuu yalisimikwa, tukayatumia kwenye nchi ambako mawe makuu yalikutwa. Swali linaloifaa Singida ni watu walifanya nini hapa, na bado wanafanya nini. Njia ya kulilinda jiwe bila kusubiri mchoro ipo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kijiji kinaweza kupanga matumizi ya ardhi yake, na mpango ukaidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Humo inawezekana kuandikwa kwamba kilima hiki ni cha kokoto na kile hakiguswi, na wanaosema kipi ni kipi wawe wazee wa matambiko na wapasua kokoto wenyewe, kwa kikao kimoja. Kwamba mwamba unaweza kuthaminiwa kwa kuwa mwamba tu, tumekwisha kulikubali kama taifa: Ngorongoro Lengai ilipata hadhi ya jiopaki ya UNESCO mwaka 2018. Singida haiombi kitu kigeni.

Kwa hiyo ukienda, nenda wakati wa kiangazi, asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa la ubavu, kwa sababu alama hafifu huonekana kwa kivuli chake. Ukikuta mchoro usiumwagie maji ili utoke vizuri kwenye picha. Maji huacha chumvi na kuubandua. Usiokote kijiwe chenye makali kilicho chini ya upenu, hata kikikuvutia, kwani nusu ya habari yake ni pale kilipolala. Piga picha ya jiwe kutoka pande zote nne, na ya mguu wake. Andika limeelekea wapi na limezungukwa na mawe gani. Kisha rudi kwenye ile kaya, ukae, umuulize mwenye mji jiwe lile linaitwaje. Akikutajia jina kwa Kinyaturu au Kinyiramba, liandike kama alivyolitamka, na umwombe alitamke tena.